Mikia ya Namba

Faili lenyewe niliandika mimi. Naanza na hilo kabisa, maana nimechoka na visa ambavyo mkosaji anafichwa mpaka mwisho, halafu kila mtu anajifanya kashangaa. Ni mimi. Miaka kumi na minne iliyopita, kwenye meza hiihii ninayokalia, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili na miguu imevimba hadi viatu havinitoshi, niliandika mistari arobaini na moja ya maagizo na kuiweka mahali ambapo programu ya kuchorea huitafuta kila inapofungua mchoro.

Asiyeijua kazi hii nimweleze kidogo. Sisi tunachora majengo kwa kompyuta. Mchoro mpya ukiufungua unakuja mtupu, haujui lolote. Haujui kama unapima kwa milimita au kwa mita, haujui kuta zikae leya ipi, yaani tabaka lipi la mchoro, na milango leya ipi, haujui maandishi yawe makubwa kiasi gani. Zamani kila asubuhi tulikuwa tunaupangia hayo yote kwa mkono, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetandika kitanda cha wageni. Faili langu lilimaliza kazi hiyo. Ukifungua mchoro, lenyewe linajisoma mstari kwa mstari, linapanga kila kitu, halafu chini ya kioo cha kompyuta linaandika: Karibu kazini. Ni sekunde mbili tu. Huliiti, hulibonyezi, wala hulioni. Mhandisi, mwenye ofisi, alifurahi hadi akanipa chumba kizima cha michoro nikisimamie. Wenzangu wakaniita Rula, na jina hilo limeniganda mpaka nyumbani. Mume wangu akinipoteza sokoni huita "Rula!" bila haya, na watu wote wanageuka.

Sasa, mstari wa thelathini na mbili. Siku zile kazi zetu zilikuwa za tofali na zege tu, na waashi walikuwa wananijia juu. "Dada, ukuta wako una milimita elfu tatu mia nne na saba. Hiyo saba niikate na wembe?" Walikuwa na haki yao. Basi nikaongeza mstari mmoja unaoiambia programu ikadirie kila kipimo kwa makumi. Elfu tatu mia nne na saba ikasomeka elfu tatu mia nne na kumi. Mistari ya mchoro inabaki ilivyochorwa, ila namba inayoandikwa juu yake inakatwa mkia. Mwashi hakosi usingizi kwa milimita tatu, plasta inafunika. Plasta imetufunikia mengi katika kazi hii. Na kazi za chuma tulikuwa hatuzichori kabisa. Fundi wa kuchomelea alikuwa anakwenda kwenye jengo na tepu yake, anapima mwenyewe, yamekwisha.

Nikiwa na faili hilo nimefanya kazi miaka kumi na minne bila kulifungua hata mara moja. Kwa nini nilifungue? Lilikuwa linafanya kazi.

Kisha akaja wifi.

Wifi ni dada wa mume wangu, kitinda mimba wao. Alikuja kwetu mwaka juzi ndoa yake ilipovunjika, mkononi begi moja na cheti cha uchoraji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa kompyuta. Nilimwendea Mhandisi mwenyewe, nikamwombea kazi, nikampa meza ya dirishani. Kwa hiyo mtu asije akasema mimi ni wifi mbaya. Lakini kumsaidia mtu ni jambo moja, na kukaa naye kazini mchana kutwa, halafu jioni umkute tena kwenye kochi lako, ni jambo lingine kabisa. Wifi ana mdomo. Chochote ukifanya, yeye ameona pengine kinafanywa vizuri zaidi. "Wifi, siku hizi watu hawafanyi hivyo." Sentensi hiyo niliisikia ofisini kuhusu michoro na nyumbani kuhusu maharage. Tena akiingia bafuni anaimba, wimbo uleule, mstari uleule, kwa sauti ya kupasua vigae. Nilikuwa nalala nimechoka na naamka nimechoka, katikati yake wifi anaimba.

Jambo moja tu nilikuwa namsifia, nalo moyoni. Alikuwa analala sebuleni, lakini hungejua. Mimi naamka saa kumi na moja na nusu, na kila siku nikitoka chumbani nakuta shuka zimeshakunjwa na kufichwa nyuma ya kochi, mito imepangwa, pazia liko wazi, naye amekaa kavaa kabisa kama aliyeingia sasa hivi kusalimia. Nilikuwa nikijisemea kwamba angalau hilo wamemfunza kwao.

Mwaka huu hatimaye akapata chumba. Kimoja, na choo chake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Ahamie mwisho wa mwezi. Kabla hajanunua hata sufuria alinunua pazia na kufuli, na ufunguo wa lile kufuli akautia kwenye uzi akauvaa shingoni. Mezani alikuwa anautoa, anautazama, anaurudisha. Kila siku. Watoto walimcheka shangazi yao, naye akawacheka vilevile. Mimi nilikuwa nahesabu siku kuliko yeye.

Mwezi huohuo Mhandisi akapata kazi ya maktaba ya chuo kimoja, jengo la ghorofa, nayo inataka ngazi ya chuma ya nje kwa ajili ya dharura. Mara hii hakutaka fundi apime mwenyewe. Alitaka tuichore yote, fundi aiunganishe karakanani kwake, aje nayo juu ya lori, ifungwe siku moja. Kwa sababu wifi alisomea chuma, kazi akapewa yeye. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni milimita elfu mbili mia tisa hamsini na nane. Vipandio kumi na saba. Gawanya, utapata mia na sabini na nne kila kipandio, kamili, bila baki. Alipopata hesabu hiyo alipiga makofi peke yake pale dirishani.

Siku ya tatu ya kazi hiyo alikuja nyuma ya kiti changu. Mimi nilikuwa narudia kuchora vyoo vya jengo jingine kwa mara ya nne, kwa sababu mwenye jengo alikuwa anabadilisha mawazo kama anavyobadilisha shati.

"Wifi, mbona mimi nachora mia na sabini na nne, namba inaandika mia na sabini?"

Sikugeuka. "Faili la ofisi ndivyo lilivyo."

"Lakini wifi, hiki ni chuma. Siku hizi watu hawa..."

"Faili hilo umelikuta hapa," nikasema, macho yangu kwenye vyoo. "Lina miaka kumi na minne, halijamuua mtu. Fuata utaratibu."

"Sawa," akasema, akarudi mezani kwake.

Wifi kusema sawa bila kuongeza neno ilikuwa ajabu ya kutosha kumfanya mtu ageuke. Mimi nilishukuru tu.

Alichofanya baada ya hapo nilikuja kukijua baadaye. Kwenye kompyuta yake mwenyewe alilizima faili langu lisijiendeshe, akarudishia mikia ya namba zake, mchoro ukasoma mia na sabini na nne, akauhifadhi. Akaniletea niuchapishe, maana printa kubwa imeungwa kwenye kompyuta yangu, na hakuna karatasi inayotoka mle ndani bila muhuri na saini yangu. Nikaufungua. Karibu kazini. Faili likafanya kazi yake kama ilivyo ada, likapita kwenye kila kipimo na kukata mikia. Nikachapisha, nikahifadhi, nikagonga muhuri, nikasaini. Mtu ataniuliza kama niliuangalia. Niliangalia jina la chuo kama limeandikwa sawa, niliangalia tarehe. Namba zote ziliishia kwa sifuri, safi, nikaridhika.

Ngazi ilikuja siku ya Jumatano. Saa nne asubuhi nikapigiwa simu niende kwenye jengo haraka, mimi na wifi. Tulikuta kreni imeishikilia ngazi hewani, imesimama wima dhidi ya ukuta. Chini ilikuwa imeshakaa kwenye msingi wake vizuri kabisa. Juu ndiko kulikokuwa na msiba. Bolti nne zilizozikwa kwenye boriti ya zege zilikuwa zinachungulia, na bamba la ngazi lililotakiwa kuzivaa liko chini yake, karibu upana wa vidole vinne. Mhandisi alikuwa amesimama na tepu mkononi. Milimita sitini na nane.

Fundi wa kuchomelea, ambaye kila mtu humwita Cheche, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karatasi yetu kwenye goti.

"Mimi nimefuata karatasi," alisema kabla hatujamsalimia. "Vipandio kumi na saba, kila kimoja mia na sabini. Pimeni hata kimoja. Mkikuta kimezidi unywele nitavua kofia niondoke."

"Mia na sabini mara kumi na saba ni elfu mbili mia nane tisini," Mhandisi akasema. "Na hapo pembeni pameandikwa urefu wote ni elfu mbili mia tisa sitini. Hukuona haviendani? Mtoto wa darasa la tatu angeona."

"Mtoto wa darasa la tatu hachomelei, Mhandisi. Mimi nilipewa mchoro wenye muhuri."

Dereva wa kreni alicheka, kisha akaona sura zetu akaacha.

Mhandisi akamgeukia wifi. Hakupaza sauti, yeye hapazi sauti, na hiyo ndiyo shida yake. "Mia na sabini umeitoa wapi?"

"Mimi nilichora mia na sabini na nne," wifi akasema.

Mhandisi akamwonyesha karatasi. Wifi akaitazama muda mrefu. Halafu akanitazama mimi, mara moja tu, akainamisha macho. Nikadhani ananiomba nimtetee. Nikajifanya natafuta kitu ndani ya mkoba wangu.

Tulirudi ofisini, Mhandisi akaufungua mchoro kwenye kompyuta ya wifi mwenyewe. Mia na sabini, kila mahali. Bila shaka, mimi ndiye niliyeuhifadhi mara ya mwisho.

"Kukosea, sote tunakosea," Mhandisi akamwambia. "Lakini kunitazama usoni na kunidanganya, hilo siliwezi. Chuo kinataka barua kesho kutwa saa sita, yenye jina la aliyekosea. Nitaandika jina lako, na baada ya barua hiyo sitaweza kukuweka hapa."

Wifi alikuwa ameshika ule ufunguo shingoni, anauzungusha kwenye uzi wake. Mtu ambaye anabishana na mimi kuhusu chumvi ya maharage, siku ile alikula jiwe. Jioni nyumbani alipakua kidogo, akaosha vyombo vyote, akasema kichwa kinamuuma. Mume wangu akaniuliza kwa macho kuna nini. Nikamwambia kazi.

Alhamisi mchana watu walipotoka kwenda kula, nilibaki. Sijui niliambiwa na nani nibaki, pengine ni ule mtazamo wa wifi pale kwenye jengo, ulikuwa unanisumbua kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Nikaufungua mchoro wa ngazi. Karibu kazini. Badala ya kusoma namba, nikaiambia programu ipime mstari wenyewe, kutoka kipandio hadi kipandio. Ikanijibu mia na sabini na nne. Nikapima cha pili. Mia na sabini na nne. Nikapima vyote kumi na saba kama mtu aliyerukwa na akili. Ngazi ya wifi ilikuwa sahihi kila mahali. Namba zilizoandikwa juu yake ndizo zilizosema uongo.

Hapo nikakumbuka mahali faili langu linapoishi. Nikalifungua kwa mara ya kwanza tangu mwanangu wa pili awe tumboni, na sasa ana ndevu tatu anazozihesabu kwenye kioo. Nikashuka hadi mstari wa thelathini na mbili. Ulikuwepo. Na juu yake palikuwa na maneno yangu mwenyewe. Katika mafaili haya, ukitanguliza nukta mkato, kompyuta inaruka kilichobaki kwenye mstari huo, kwa hiyo hapo ndipo mwandishi huwaachia binadamu wenzake maelezo. Nilikuwa nimeandika hivi: "Kukata mikia ya namba, waashi wanalalamika. ANGALIZO: mstari huu uondolewe siku tutakapoanza kuchora chuma."

Nilisoma mara tatu. Nililijua jambo hili miaka kumi na minne kabla halijatokea. Nikaliandika kwa herufi kubwa, nikaliweka mahali ambapo kompyuta hailisomi na binadamu hawapiti, wa kwanza wao mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi ufanyeje ukigundua nguo umeishona mwenyewe. Niliona aibu. Aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya meza.

Halafu, na hapa nasema kweli tupu, kidole changu kikaenda kwenye kitufe cha kufuta. Mstari mmoja tu. Niufute pamoja na angalizo lake, nihifadhi, nifunge. Hakuna mwingine katika ofisi ile aliyewahi kulifungua faili lile, nilivyodhani. Imebaki miaka mitano nistaafu. Nina kiti chenye mgongo mzuri, nina muhuri. Nilikuwa nimechoka, jamani, nimechoka kiasi kwamba uongo ulionekana kama mahali pa kukaa. Na mnajua kitu gani kilinizuia kwanza? Si haki. Ni kochi. Nilijisemea kwamba huyu akifukuzwa kazi hahami tena, nitaimbiwa bafuni mpaka nife. Hivyo ndivyo nilivyo, na sijipambi.

"Umelifungua," sauti ikasema nyuma yangu.

Ni wifi, ameshika vikombe viwili vya chai. Kwa desturi yake angekuwa ameshaanza kueleza kwa nini siku hizi watu hawanywi chai mchana. Aliviweka tu mezani, akasoma kioo, mstari wa thelathini na mbili umepakwa rangi ya buluu tayari kwa kufutwa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua jana nilipoona karatasi. Mimi nililizima kwenye mashine yangu. Nilisahau kwamba kwako linajiendesha."

"Sasa mbona hukusema? Mhandisi kakuita mwongo mbele yangu, umekaa kimya!"

Akaanza kupanga penseli zangu kwa urefu. "Nisemeje, wifi? Nisimame niseme faili la Rula ndilo lililoharibu, halafu jioni nije nikae mezani kwa Rula, nipakuliwe na mkono wa Rula, nilale sebuleni kwa Rula?"

"Mimi si mtu wa namna hiyo."

"Sikusema wewe ni mtu wa namna hiyo." Penseli zikaisha, akaanza upya. "Nilikuuliza, wifi. Nilikuja hapahapa nikakuuliza. Ukanijibu kwa mgongo."

Nikachukua kikombe, nikakirudisha.

"Kwako mimi naishi kwa vidole vya miguu," akaendelea, taratibu, bila ubishi wake. "Unakumbuka komeo la bafuni? Halifungi tangu nimekuja. Wewe na kaka mmezoea, watoto wamezoea. Mimi naimba ili mtu akija ajue ndani kuna mtu."

"Siku zote ni kwa ajili hiyo?"

"Ulidhani naupenda ule wimbo? Siujui hata unaendeleaje."

Akacheka kidogo. Mimi nilishindwa. Miaka miwili nimelalamika kwa mume wangu kuhusu ule wimbo, kitandani, kwa sauti ambayo sasa najiuliza kama haikuwa inapenya ukuta. Nyani haoni kundule, na mimi sikuona hata komeo la mlango wangu.

Badala ya kumwambia samahani, nikafanya kile ninachokijua. Nikachapisha faili lote, mistari yote arobaini na moja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikazungushia wa thelathini na mbili na angalizo lake. Nikaenda nayo kwa Mhandisi saa nane, chai yangu ikabaki mezani.

Alisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa, akasoma tena.

"Hili angalizo aliandika nani?"

"Mimi."

"Na aliyelisahau?"

"Mimi pia. Na aliyesaini bila kusoma ni mimi. Yeye aliniuliza kabla, nikamfukuza."

Alivua miwani akafikicha macho. Niliona kwamba naye amechoka, pengine kunishinda. "Ungenyamaza, Rula, nisingejua kamwe."

"Najua."

"Kwa nini hukunyamaza?"

"Bafuni kwangu komeo halifungi," nikasema.

Alinitazama kama mtu anayefikiria kuniitia daktari. Hakuuliza zaidi. Barua ya chuo ilitoka Ijumaa saa tano na nusu na jina langu ndani yake, nikaisaini mwenyewe. Hakunifukuza. Alichukua muhuri wangu. Alisema hawezi kumwachia muhuri mtu asiyesoma anachokigonga, na sikuona pa kubishia. Chumba cha michoro akampa wifi, pamoja na kiti changu chenye mgongo mzuri. Mbele yangu akamwomba msamaha kwa kumwita mwongo. Wifi alikipokea kiti bila kunitazama, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuufuta mstari wa thelathini na mbili. Ya pili, kuupiga chapa mchoro wa ngazi upya ili Cheche aanze kukata chuma kingine. Aliusoma wote, namba kwa namba, kidole juu ya karatasi, kabla hajagonga muhuri.

Jioni mume wangu akaniuliza mbona nimenywea.

"Nimeshushwa cheo."

"Na nani?"

"Na dada yako."

Akaanza kucheka, akasita, akanitazama mimi, akamtazama dada yake, asijue ashike upande gani. Mwanamume akibanwa kati ya mke na dada huwa anatafuta televisheni.

"Kabla hujakaa," nikamwambia, "chukua bisibisi uje bafuni."

Tulilifunga komeo jipya sisi wawili, yeye akiulizauliza, mimi nikishika tochi. Wifi aliingia kuoga baada yetu. Tukasikia komeo likigonga mahali pake, kisha maji, basi. Mume wangu akaniuliza mbona leo haimbi. Nikamwambia anyamaze.

Asubuhi yake, Jumamosi, niliamka mapema kuliko kawaida yangu, saa kumi na moja kasoro. Nilisikia kitu sebuleni, mtu anayejitahidi asisikike. Nikafungua mlango. Nje kulikuwa bado giza, taa ya mtaani tu iliingiza mwanga kidogo dirishani. Wifi alikuwa amesimama katikati ya chumba, amebana pindo la shuka kwa kidevu, mikono imeunyosha upande mwingine, anakunja. Mito ilikuwa imeshapangwa. Macho yake yalikuwa mekundu ya usingizi. Alishtuka kama mtu aliyekamatwa akiiba.

"Nimekuamsha, wifi? Samahani, namaliza sasa hivi."

Miaka miwili nilikuwa nikikuta kazi imeshafanyika. Sikuwahi kujiuliza anaanza saa ngapi.

"Usikunje," nikasema.

"Eh?"

"Leo Jumamosi. Acha, usikunje. Rudi ulale."

"Kaka atataka kuangalia habari."

"Kaka yako ataangalia ukuta."

Akabaki ameishika ile shuka, hajui aipeleke wapi. Nikaenda nikaichukua mkononi mwake, nikaitandaza juu ya kochi, vibaya, pembe moja ikaning'inia sakafuni. Nikarudisha pazia. Alikaa kwanza, ukingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Halafu akajilaza, akajigeuzia kwenye mgongo wa kochi, akajifunika mpaka kichwa, ufunguo wake ukalia kidogo kwenye uzi.

"Samahani, wifi," nikaiambia shuka.

Mkono ukatoka, ukanisukuma goti kidogo, ukarudi ndani.

Nilikwenda jikoni nikakaa. Watoto walipoamka niliwapa uji kwa ishara, baba yao nikamzuia mlangoni kwa mwiko. Zilikuwa zimebaki siku tisa ahamie kwake. Alilala mpaka saa nne na nusu, na muda wote huo alikuwa anakoroma, nyumba nzima inasikia. Miaka miwili amelala kwangu, na sikuwahi kujua kwamba wifi anakoroma.